Pedali zangu za ndege zimetoka Kibuye na bado zinafanya kazi

Nianze na hasira kwanza. Ukiuliza mtu kuhusu pedali za simuleta ya ndege, zile za miguu za kugeuza usukani wa mkia ukirusha ndege kwa kompyuta, jibu ni lile lile, nunua za kampuni ya Logitech ama za Thrustmaster, utadhani zinapangwa hapo soko la Kibuye kando ya mitumba. Piga hesabu ya kuziagiza, usafiri na ushuru, hiyo ni pesa ya mbuzi na ya kuchinja inabaki. Halafu kuna mwingine akaniambia eti joistiki ya kuzungusha, ile fimbo ya mkono unaisokota kugeuza mkia, inatosha kabisa, pedali ni za watu wa kujionyesha. Huyo ndiye alinipotezea mwaka.

Mimi niko Migosi hapa Kisumu, laptopu ni ya mtumba, simuleta ni FlightGear kwa sababu ni ya bure na ile ndege ndogo Cessna 172P inakuja nayo. Mwanzoni nilikuwa nimewasha ile otomatiki inayokuchezea usukani wa mkia wakati unapinda, nikajiita rubani miezi mzima. Siku niliizima ndio nilijua sijui kitu. Ile 172 ukiipa moto wote wa injini pua inavutwa kushoto kwa sababu ya propela, kwa hivyo lazima ushikilie usukani kulia, na kwa joistiki ya kuzungusha huo usukani uko kwa kiganja hicho hicho unachovutia ndege iinuke. Ukivuta unajikuta umezungusha. Sasa hapa Kisumu ukiruka kuelekea magharibi, kushoto ni ziwa. Nimeogesha hiyo Cessna mpaka watoto wa plot walikuwa wanabisha mlango jioni, "Uncle, leo unazama saa ngapi?"

Nikaenda kwa fundi wa jua kali hapo Kibuye, ni wa kutengeneza mageti na jiko. Nikamchorea kwa karatasi: chuma kimoja kimelala, katikati kina bolti kinazungukia, kila mwisho mahali pa kuweka mguu, ukisukuma huu ule unarudi. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Omera, na ndege yenyewe iko wapi?" Nikasema iko ndani ya kompyuta. Akanyamaza, kisha akanitajia bei ya mtu ambaye akili yake si mzima. Tukashikana shikana tukafika thao moja na nusu hivi, ingine nilipe baadaye. Bearing tuliweka ya gurudumu ya boda, spring mbili za stendi ya boda, moja kila upande ili chuma kirudi katikati chenyewe. Hizo spring ni ngumu, wiki ya kwanza nilikuwa natembea kama mtu ametoka shamba.

Upande wa waya ndio nililia. Kwa video naona watu wameshika Arduino Uno, kale kabao ka umeme ka kuunganisha pedali na kompyuta, nikanunua Uno, kumbe kompyuta haiioni kama joistiki, unatakiwa kuchukua Leonardo ama Pro Micro, zile za chipu ya ATmega32U4, hizo ukiziwekea programu ya joistiki, ukichomeka USB kompyuta inaziona kama joistiki. Pesa ya Uno ilienda hivyo. Halafu ile kitu ya kusoma mguu uko wapi, si ni voliumu tu kama ya redio? Nikaenda kwa fundi wa redio nikapata moja ya mia, imetoka kwa redio iliyokufa. Nikafunga, nikawasha, na ndege ikaanza maajabu: mguu wa kushoto nasukuma mpaka mwisho inatingisha mkia kidogo tu, mguu wa kulia nikigusa inageuka kama pikipiki. Nikalaumu spring, nikarudi kwa fundi, akapunguza spring moja, bado. Siku tatu nzima nahangaika. Kumbe voliumu za sauti hazipandi sawasawa, zimetengenezwa kufuata vile sikio linasikia, huku zinatambaa na kule zinaruka. Mara nyingi zimeandikwa A mbele ya namba. Tafuta B, B10K, hiyo inapanda hatua kwa hatua. Hiyo B ni shilingi themanini, na mimi nilipoteza siku tatu.

Na bado. Hiyo voliumu inazunguka kama digrii 300, lakini chuma changu kinageuka labda 40. Arduino inasoma kutoka 0 mpaka 1023 na mimi napata hatua mia na kitu peke yake, mkia unaruka ruka badala ya kuteleza. Hapa wacha nijisifu. Nilichukua kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, upana wake kama sentimita tano, nikakitoboa katikati nikakigandisha kwa kale kamti ka voliumu kanakozunguka. Halafu uzi wa nailoni wa kuvulia, nilipewa bure Dunga, nikauzungusha kifuniko mara mbili, ncha moja nikafunga mbele ya njia ya pedali ya kulia, ingine nyuma yake, na katikati nikaubana kwenye pedali... hapana, hiyo ilikuwa jaribio la kwanza na haikufanya kazi, uzi ulikuwa unatulia tu. Iliyofanya kazi ni hii: ncha mbili zote zimefungwa kwa pedali yenyewe, uzi umezunguka kifuniko huku na kapuli kadogo, yaani kagurudumu ka kupitisha kamba, upande wa pili, kama kamba ya kuanikia nguo inayovutwa. Pedali ikitembea sentimita kumi na mbili, kifuniko kinazunguka kama robo tatu ya mzunguko. Sasa nasoma hatua zaidi ya mia tisa. Mwenye pedali za mbuzi aje tushindane.

Kiti usitumie cha magurudumu, utasukuma utajikuta jikoni. Mimi niko na cha plastiki na ubao umefungwa kutoka miguu ya kiti mpaka kwa pedali.

Kitu hakuna mtu aliniambia ni miguu yenyewe. Tukiwa wadogo tulikuwa na kile kigari cha mbao, unakalia, mbele kuna mti unasukuma na miguu. Kwa kigari ukisukuma kulia kinaenda kushoto. Kwa ndege ukisukuma kulia pua inaenda kulia. Miguu yangu ilikataa hiyo habari kabisa, kila nikivutwa kushoto nasukuma kushoto, maji. Jamaa akanishauri geuza tu kwa programu, ni kubonyeza mara moja. Nikageuza, nikaruka vizuri wiki mbili, nikatembelea rafiki mwenye pedali za kiwandani, nikaingia majani mbele ya watu wote hata kabla ya kuruka. Nikarudi nyumbani nikarudisha vile inatakiwa, nikajifunza upya nikiwa mwendo wa taxi tu, yaani kutembeza ndege chini bila kuruka, kwa muda wa jioni kumi hivi.

Juzi fundi akaja kuchukua salio lake. Akaomba ajaribu. Hajawahi kushika kompyuta ya ndege maisha yake, nikamwekea moto wote nikijua anaelekea ziwani, watoto nao washajaa mlangoni. Akanyoosha ndege katikati ya laini ya uwanja mpaka ikainuka. Nikamlipa haraka nikamwambia giza linaingia.