Jirani Yangu wa Ohio na Mchezo Usio na Mshindi

Jioni moja ya Jumamosi, katika mwaka wangu wa pili wa kuishi jijini Columbus, jimboni Ohio, nilirudi nyumbani kutoka uwanjani nikamkuta jirani yangu, mzee aliyestaafu udereva wa malori, akikusanya majani makavu mbele ya baraza yake. Aliniuliza mchezo umekwishaje, nami nikamjibu kwamba timu zimetoka sare ya bila kufungana. Akasimama, akaegemea reki yake, akauliza tena polepole, kana kwamba Kiingereza changu ndicho kilichokuwa na kasoro: nani ameshinda? Nikamwambia hakuna aliyeshinda. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Muda wote huo, na hakuna aliyeshinda," kisha akarudi kwenye majani yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba Wamarekani wana msemo wa zamani unaofananisha sare na kumbusu dada yako, na ndipo nikaelewa ile huruma ilitoka wapi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini soka, mchezo ambao sisi tuliukuta duniani kama tulivyolikuta jua, unapata taabu kiasi hiki kuingia katika moyo wa shabiki wa Kimarekani. Jibu linalotolewa haraka, na wenyeji na wageni vilevile, ni kwamba soka inachosha kwa sababu mabao ni machache. Siliamini jibu hilo. Mashabiki hao hao kwa miaka mingi walikaa saa tatu wakitazama besiboli, ambamo mrushaji aliweza kusimama akikuna kofia yake huku uwanja mzima ukimngoja. Hutazama hoki ya barafu, ambayo mara nyingine humalizika kwa mabao mawili kwa moja. Hutazama futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi, ambayo saa yake ni ya dakika 60 lakini huchukua zaidi ya saa tatu kumalizika, na sehemu kubwa ya muda huo wachezaji wamesimama wakipanga watakalofanya. Mtu huvumilia uchovu wa mchezo aliourithi, na wala hauiti uchovu. Mimi nilizaliwa Simba, hakuna aliyeniuliza kama napenda, na nimetazama mechi na watani wetu ambazo hazikuwa na shuti moja la maana, nikatoka jasho dakika zote tisini.

Kwa hiyo naona swali lenyewe linahusu urithi kuliko burudani: Mmarekani alirithi nini, na kwa nini soka haikuwamo katika mirathi hiyo?

Jambo la ajabu ni kwamba nusura iwemo. Tarehe 6 Novemba 1869, wanafunzi wa vyuo vya Rutgers na Princeton walikutana mjini New Brunswick, jimboni New Jersey, wakacheza mchezo ambao vitabu vya Marekani huuhesabu kuwa wa kwanza wa futiboli ya vyuo. Kila upande ulikuwa na watu 25, mpira ulikuwa wa duara, na hapakuwa na ruhusa ya kuubeba na kukimbia nao. Ulikuwa karibu zaidi na soka ya Waingereza kuliko na kile kinachochezwa leo kwa kofia ngumu na mabega ya bandia. Mwaka 1873 vyuo kadhaa vilikaa pamoja vikaandika kanuni za kufanana na hizo, lakini Harvard ikakataa kuhudhuria, kwa kuwa wao walikuwa na mchezo wao wa kubeba mpira mikononi. Mwaka uliofuata Harvard ilicheza na chuo cha McGill cha Montreal, Kanada, ikafundishwa raga, ikaipenda. Kwa kuwa Harvard ilikuwa Harvard, wengine walifuata, na mwaka 1876 vyuo vikubwa vilikutana Springfield, Massachusetts, vikachukua kanuni za raga. Miaka michache baadaye Walter Camp wa chuo cha Yale akazipindua kanuni hizo hadi zikazaa mchezo mpya kabisa. Laiti wanafunzi wale wa Harvard wangekuwa na mafua wiki ile ya McGill, huenda jirani yangu angekuwa ananieleza mimi maana ya kuotea.

Chuo, basi, ndicho kilichoamua, na chuo ndicho kinachoshikilia mpaka leo. Mgeni asiyeijua nchi hii hudhani kwamba mashabiki hapa hufuata timu za kulipwa tu, kumbe katika mji kama Columbus kilele cha wiki ni Jumamosi ya chuo kikuu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Ohio State, uliofunguliwa mwaka 1922, unachukua zaidi ya watu 102,000, na hujaa. Uwanja wa timu yetu ya soka, Columbus Crew, unachukua watu elfu ishirini na kidogo. Ijumaa usiku ni ya shule za sekondari, ambako kijana wa miaka kumi na sita hucheza futiboli mbele ya babu yake aliyecheza katika kiwanja kilekile; Jumamosi ni ya chuo; Jumapili ni ya timu za kulipwa. Majira ya kuchipua na ya joto yana besiboli, na majira ya baridi yana mpira wa kikapu na hoki. Soka ilipobisha hodi, kila kiti kilikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa amekalia kiti cha babake.

Hata hivyo ilibisha hodi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1920 palikuwa na ligi ya kulipwa, American Soccer League, iliyoanzishwa mwaka 1921, na timu zake zilitoka katika miji ya viwanda: Bethlehem ya Pennsylvania, iliyokuwa chini ya kampuni ya chuma, na Fall River ya Massachusetts, mji wa viwanda vya pamba uliojaa watu waliohama kutoka Lancashire ya Uingereza na kutoka Scotland. Wachezaji wa Scotland walivuka bahari kwa sababu mshahara wa kiwandani pamoja na wa mpira uliwazidi wenzao waliobaki nyumbani. Katika Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1930 nchini Uruguay, Marekani ilifika nusu fainali kabla ya kuchapwa na Argentina mabao sita kwa moja, na Bert Patenaude, mzaliwa wa Fall River, akawa mtu wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi moja ya mashindano hayo. Wakati huo, hata hivyo, nyumba ilikuwa tayari inaungua. Mwaka 1928 ligi na shirikisho ziligombana juu ya kombe la taifa, kila upande ukaunga mkono timu zake na kuzifungia za mwenzake, na hawajapatana vizuri Mdororo Mkuu wa uchumi ukafunga viwanda vyenyewe.

Kilichobaki kilikuwa mchezo wa vitongoji vya wageni. Mtoto wa Mskoti au wa Mreno aliyetaka kuonekana Mmarekani shuleni aliuacha mpira wa baba yake kama alivyoiacha lafudhi ya mama yake. Ndiyo maana mwaka 1950, timu ya Marekani ilipoifunga Uingereza bao moja kwa bila mjini Belo Horizonte, nchi yake haikushtuka. Mfungaji, Joe Gaetjens, alikuwa Mhaiti aliyekuwa akisoma uhasibu New York na kuosha vyombo mgahawani. Baada ya hapo Marekani haikuonekana tena katika Kombe la Dunia hadi mwaka 1990.

Matajiri walijaribu kununua kilichoshindikana kurithiwa. Ligi ya NASL, iliyoanza mwaka 1968, ilimleta Pelé katika timu ya New York Cosmos mwaka 1975, na Mjerumani Beckenbauer baada yake, na mwaka 1977 zaidi ya watu 77,000 walifurika katika uwanja mmoja wa New Jersey kuwatazama. Walikuja kumwona Pelé. Alipostaafu, walirudi kwao. Ligi iliyokuwa na timu 24 mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibaki na tisa mwaka 1984, kisha ikafa. Televisheni nayo haikujua la kufanya na mchezo usiosimama, kwa kuwa biashara yake ni matangazo na matangazo huhitaji mapumziko. Kuna kisa cha mwaka 1967, katika ligi nyingine ya wakati huo, ambapo mwamuzi alikiri kwamba baadhi ya faulo alizopuliza zilikuwa za kuipa televisheni nafasi ya matangazo. Nimekutana na waamuzi wa ajabu katika viwanja vya Dar es Salaam, lakini huyo amewazidi wote.

Ligi ya sasa, MLS, ilizaliwa kwa ahadi: Marekani ilipopewa Kombe la Dunia la 1994, iliahidi kuanzisha ligi kuu. Kombe lenyewe lilijaza viwanja, zaidi ya watu milioni 3.5, wastani wa karibu 69,000 kwa mechi, jambo linalotosha kuwanyamazisha wanaosema Mmarekani hawezi kukaa akatazama soka. Ligi ikaanza mwaka 1996 ikiwa na timu kumi, Columbus ikiwemo, na kosa lake la kwanza lilikuwa kumwogopa jirani yangu. Saa ilihesabu kurudi nyuma mpaka sifuri, na sare zilipigwa marufuku: mchezaji alianza na mpira yadi 35 kutoka golini, akapewa sekunde tano kumkabili kipa. Waliokuwa wakiipenda soka waliona aibu, na waliokuwa hawaipendi hawakuja. Ndani ya miaka michache mambo hayo yalifutwa.

Lililobaki ni zito zaidi kwa maoni yangu, nalo ni kwamba ligi imefungwa. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Timu inayoshika mkia haina cha kuogopa, na timu ya mji mdogo, hata icheze vizuri namna gani, haina mlango wa kuingilia isipokuwa kwa kulipa mamilioni ya dola. Kwa Mmarekani hili si geni, maana ligi zake zote ziko hivyo, lakini zile nyingine zina mashaka ya namna yake yaliyorithiwa. Soka bila hofu ya kushuka daraja ni kama pilau bila viungo: utashiba, ila hutamsimulia mtu.

Tena timu inaweza kuhamishwa kama duka. Mwezi Oktoba 2017 zilitoka habari kwamba mmiliki wa Crew wa wakati huo anafikiria kuihamishia Austin, Texas. Mashabiki walipigana zaidi ya mwaka mzima, na silaha yao kubwa ilikuwa sheria ya Ohio iliyotungwa mwaka 1996, baada ya timu ya futiboli ya Cleveland kuhamia Baltimore na kuliachia jimbo kilio. Timu ya soka iliokolewa na machozi ya futiboli. Hatimaye wanunuzi wenyeji walipatikana, na Crew ikabaki.

Nisieleweke kwamba nchi hii haina mashabiki. Inao tele, ila mioyo yao iko kwingine. Kwa miaka mingi mechi za ligi ya Meksiko zimekuwa na watazamaji wengi wa televisheni kuliko za MLS, na asubuhi za Jumamosi baa hujaa watu wenye jezi za Liverpool na Arsenal. Timu ya taifa ilipotaka kucheza na Meksiko nyumbani bila kuzomewa nyumbani, ililetwa hapa Columbus, kwenye baridi na mbali na miji yenye Wameksiko wengi. Ikashinda mbili bila mwaka 2001, tena mbili bila mwaka 2005, 2009 na 2013. Katika kura ya maoni ya mwaka 2023 ya Gallup, kampuni ya utafiti, asilimia 5 tu ya Wamarekani walitaja soka kuwa mchezo wanaopenda zaidi kutazama, huku 41 wakitaja futiboli yao.

Watoto, kwa upande wao, huicheza kwa wingi. Lakini huku hakuna chandimu. Mjukuu wa jirani yangu alipelekwa kwa gari, akalipiwa ada, jezi na safari, na ada hizo zinatosha kumzuia mtoto wa familia ya kawaida, seuze wa mkimbizi. Wasichana ndio walionufaika kweli, kwa sababu sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilivilazimisha vyuo kuwapa michezo, na matunda yake ni vikombe vinne vya dunia. Hapo soka ilipata kiti kwa kuwa hakikuwa na mwenyewe. Mjukuu huyo, ambaye ni mvulana, aliacha soka alipoingia sekondari. Sasa anacheza futiboli siku za Ijumaa, na babu yake hakosi.

Tarehe 9 Desemba 2023 Crew ilitwaa ubingwa hapa hapa nyumbani kwa kuifunga LAFC ya Los Angeles mbili kwa moja. Nilirudi usiku nikiwa nimevaa skafu nyeusi na njano, jambo ambalo mtu wa Msimbazi halifanyi kwa wepesi, na picha sikuituma nyumbani. Mzee alikuwa barazani. Alinipa mkono kwa adabu, kama mtu anavyompongeza jirani kwa harusi ya ukoo asioufahamu, akauliza safari hii kulikuwa na mshindi, nikamwambia kulikuwa naye. Kisha akanyamaza, na bila mimi kumuuliza akaanza kunieleza kilichoharibika katika mchezo wa chuo dhidi ya Michigan, uliokwisha 30 kwa 24, wiki mbili zilizopita.