Begi moja mgongoni: tulivyokwenda Uluguru bila gari

Ukimuuliza mtu wa Dar kwa nini anakwenda Morogoro na gari dogo wakati treni ya umeme ipo tangu Juni 2024, atakwambia ni kwa ajili ya watoto. Mwambie afungue buti. Utakuta katoni za maji ya chupa, kapu la chakula cha kutosha shughuli nzima, mabegi ya magurudumu, mito ya kulalia, na pengine jiko dogo la gesi. Watoto wanaingia popote. Mizigo ndiyo inayotaka gari.

Kwetu Kimara mjadala ulikuwa huohuo. Nilitaka twende milima ya Uluguru, hapo Morogoro, mwisho wa wiki bila kuwasha gari, na mume wangu hakutaka hata kusikia. "Mama watoto, gari lipo, mafuta nitaweka mimi, unatafuta nini huko kwenye kubanana?" Nilijua nikianza na habari za mazingira nitamchosha, kwa hiyo nikampigia hesabu. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 400. Gari letu linakula lita moja kila kilomita 10, yaani lita 40, na kila lita ya petroli ikiungua inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Zaidi ya kilo 90 angani kwa ajili ya kwenda kupunga upepo! Kilo hazikumgusa. Lita 40 zilimgusa, maana treni ya daraja la kawaida ilianza kwa nauli ya shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Akasema haya, ila mabegi atabeba nani?

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa. Nilimwaga kila kitu kitandani, nikaweka sharti: mtu mzima begi moja la mgongoni, mtoto mkubwa begi lake la shule, mdogo atabebwa. Jinzi zilikuwa za kwanza kutoka. Ni nzito, na ikilowa mlimani jinzi haikauki leo wala kesho. Mataulo yakafuata, nikaweka kanga. Kanga ukitoka kuoga ni taulo, usiku ni shuka, njiani ni mbeleko, jua likiwaka unajitanda, na ukipita sokoni unafungia ndizi. Halafu unamkuta mtu mjini ananunua taulo maalumu la safari kwa bei ya doti tatu. Sabuni nilikata kipande cha mche nikakitia kwenye kikopo chenye mfuniko, vile vipakiti vidogo vya shampuu vikabaki dukani. Kitu pekee ambacho sikupunguza ni masweta, kwa sababu Uluguru jioni ina baridi ambayo mtu wa Pwani haizoei.

Maji ndiyo yaliyonipa shida ya kufikiri. Katoni moja ya chupa 12 za lita moja na nusu ina uzito wa kilo 18, na ukishayanywa unabaki na chupa 12 za plastiki kwenye kijiji ambacho hakina gari la taka. Tulibeba chupa ya chuma ya lita moja kila mtu mzima, na ndogo ya mtoto, zimejazwa maji yaliyochemshwa nyumbani. Swali lilikuwa tutajaza wapi tena. Tulipofika gesti nikamwomba dada wa mapokezi maji ya kuchemsha.

"Ya kuoga, mama?"

"Ya kunywa, mdogo wangu. Ya kujaza hizi."

Aliziangalia chupa kwanza, kisha akazichukua jikoni. Kumbe jikoni wanachemsha sufuria kubwa kila usiku kwa ajili ya chai ya asubuhi, wageni hawaulizi tu. Aliyaacha yapoe hadi alfajiri, akayamimina kwa faneli, akaturudishia chupa zimejaa hadi mdomoni. Hakutaka hela. Tangu hapo nikipiga simu kuulizia chumba, swali langu la kwanza baada ya bei ni hilo la maji, na sijawahi kujibiwa hapana.

Chakula tulibeba cha njiani tu: chapati na mayai ya kuchemsha kwenye hotpoti, karanga kwenye kopo. Morogoro watu wanakula, hakuna haja ya kuhama na jiko.

Safari yenyewe haina mengi. Basi la mwendokasi la alfajiri kutoka Kimara lina nafasi, saa mbili asubuhi halina. Tulishuka Gerezani tukatembea hadi stesheni ya treni. Ukiwa na begi mgongoni huo ni mwendo wa kunyoosha miguu, ukiwa na mabegi matatu ya kuburuta ni bajaji. Tiketi tulikata mtandaoni mapema kwa sababu Ijumaa na Jumamosi nafasi zinakwisha haraka. Treni inaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa, na katika muda ambao basi lingekuwa bado linapambana na foleni za Kibaha sisi tulikuwa tumeuvuka mto Ruvu zamani.

Niseme ukweli kuhusu umeme wake, maana kuna wanaosema treni ile haitoi moshi kabisa. Yenyewe haitoi, lakini inatumia umeme wa gridi, na gridi yetu ina umeme wa maji na wa gesi asilia kwa pamoja. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza sana upande wa maji. Hata kwa umeme wenye gesi ndani yake, behewa lililojaa watu haliwezi kulinganishwa na gari la watu wanne.

Pale wengi wanapoharibu hesabu yote ni Morogoro kwenyewe. Stesheni mpya iko Kihonda, nje kidogo ya mji, na ukitoka na mizigo kila familia inakodi teksi yake. Sisi tulipanda daladala. Konda akatazama mabegi, akaona yamekaa mapajani, akaachana nayo. Begi la mapajani halina nauli.

Mlimani tulipanda kwa miguu, na kijana wa Kiluguru akituongoza. Ukitaka kuingia ndani ya hifadhi ya mazingira asilia lazima kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu, kiulizie mjini kabla hujaanza kupanda. Sisi tuliishia upande wa Morningside, penye jengo la zama za Wajerumani. Bodaboda wanafika mbali kwenye njia ile na walitufuata wakitubembeleza, lakini ukipanda nao unapitwa na mambo. Tulikutana na bibi anateremka na beseni la karoti kichwani, anakwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mnafuata nini huku juu?"

"Tunatembea tu, bibi."

Alicheka hadi beseni likatikisika. "Kutembea! Na mtoto mgongoni!" Akalitua, tukanunua fungu hapohapo, karoti bado zina udongo mweusi na majani yake. Nilizifunga kwenye pembe ya kanga. Hela ile imebaki mlimani, na karoti hazikuhitaji lori.

Kijana wetu alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa sabuni. Mume wangu alipotaka kunawa uso kijitoni na kile kipande cha mche, akamzuia: "Baba, maji haya mtayakuta kwenu." Ni kweli tupu. Mito ya Uluguru inaulisha Ruvu, na Ruvu ndiyo inayovutwa Mlandizi na Bagamoyo kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kuja kwenye mabomba ya Dar. Tulichota kwa kopo, tukasogea mbali na kijito, tukanawia kwenye majani.

Jambo ambalo sijalipatia dawa ni pampasi. Nyumbani mdogo anavaa winda za kitambaa mchana, lakini kwenye ule ukungu winda ikifuliwa asubuhi jioni bado inachuruzika. Kwa hiyo tulitumia pampasi, na zilizotumika tukazibeba kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko hadi kwenye pipa la taka mjini. Kuzichimbia mlimani ni kujidanganya, plastiki ile haiozi. Kama kuna mama anajua njia nzuri zaidi, nipo tayari kufundishwa.

Sisemi kila safari iwe hivi. Ukiwa unampeleka mzee hospitali au unakwenda kijiji ambacho treni haijui, washa gari, au panda basi. Basi la dizeli lililojaa abiria hamsini bado linakupunguzia sehemu kubwa ya moshi kuliko kwenda peke yako na gari, na hilo linafika hadi Songea.

Sasa tunapanga milima ya Udzungwa, tuteremke Mang'ula kwa treni ya TAZARA, ile reli ya kwenda Zambia. Ile inatumia dizeli, na ni safari ndefu inayotaka chakula kingi zaidi cha njiani. Mume wangu ameshaanza kuuliza kama hotpoti mbili zitaingia kwenye begi lake, na nimemwambia ajaribu kwanza kulibeba hadi kituo cha mwendokasi na kurudi.