Mipasheni yangu iliyochanua bila kuzaa

Kwa msimu mzima mipasheni yangu ya manjano hapa Jinja ilichanua vizuri, lakini kila ua lilianguka bila kufunga tunda. Niliongeza samadi na maji. Yakazidi majani tu. Kumbe miche yote minne niliikata kutoka mmea mmoja wa jirani, na pasheni ya manjano haikubali chavua yake yenyewe, wala ya pacha wake. Nilipanda mwingine kwa mbegu za tunda la sokoni, nao ulipochanua, nilichukua chavua yake kwa brashi laini nikaipaka kwenye ncha tatu za kike za maua ya ile minne. Saa ndiyo iliyonichelewesha: asubuhi niliyakuta yamefumba, kwani hufunguka karibu na adhuhuri. Sasa vitunda vinaning'inia.