Chetezo cha shangazi na pasi tatu zilizokufa

Mtu akikwambia chetezo cha umeme "kiwashe kitupu nusu saa, kitajisafisha chenyewe", muulize kwanza kama cha kwake amewahi kukifanyia hivyo. Mimi sikuuliza.

Shangazi yangu hapa Unguja hupika udi wake mwenyewe. Vipande vinachemshwa kwenye shira ya sukari, vinatiwa marashi, miski na vitu vingine ambavyo hata mimi hanitajii, mpaka viwe vyeusi vya kunata. Moshi wa makaa ulipoanza kumbana kifua, binamu yangu akamletea chetezo cha umeme kutoka Dubai, cha rangi ya dhahabu, kifuniko kina vitundu na kimeumbwa kama kuba. Mwezi haukuisha, kimekuwa kama sufuria ya kaimati iliyosahauliwa jikoni.

"Baba, si wewe fundi?"

Naam, ni fundi. Wa redio, mafeni na pasi za nywele. Chetezo sijawahi, ila hilo huwezi kumwambia shangazi.

Nikakisugua kwa stilwaya. Dhahabu ikatoka yote, utando haukutikisika. Ndipo fundi mwenzangu akanipa ile hekima ya kukiwasha kitupu. Kikawa kinajikata kila baada ya dakika chache kwa sababu kina kidhibiti joto, nami, msinicheke, nikakiruka kwa kipande cha waya. (Usifanye. Kile kidhibiti ndicho mlinzi wa nyumba.) Nikakiweka barazani, nikaenda zangu kuswali alasiri.

Siku hiyo walikuwa wanakuja watu wa posa ya mtoto wa shangazi. Sikuwa na habari. Narudi, nakuta wanawake wamejifunika pua kwa kanga, moshi mweusi umejaa barazani, kitako cha plastiki kimelala kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na mama mmoja wa upande wa mwanamume anauliza kwa adabu kabisa kama kuna gari linaungua njiani. Shangazi alinitazama tu, hakusema neno. Posa ilikubaliwa, alhamdulillahi. Na utando? Ulikuwa palepale, ila sasa umekuwa jiwe. Sukari huanza kugeuka karameli kwenye nyuzi 160 hivi, na hapo bado unaweza kuiondoa kwa maji ya moto. Ukizidi kuichoma, inakuwa makaa yaliyogandana na bati, na hapo hakuna maji wala siki.

Nilikifungua kwa hasira zaidi kuliko kwa utaalamu, na hasira ikanifaa. Uchafu ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni shira, iliyoyeyuka, ikatiririka hadi ukingoni na kuingia kwenye swichi. Wa pili ulikuwa chini ya kifuniko: matone mazito ya kahawia yananing'inia kwenye kila kitundu. Kile tunachokiita moshi wa udi, usipouunguza, kwa sehemu kubwa ni mafuta yake yaliyopanda hewani kwa joto. Yakikuta kitu cha baridi yanatua hapohapo, kama mvuke wa wali kwenye mfuniko. Kwa hiyo lile kuba la kupendeza lilikuwa mtego wa lami.

Hapo nikajiona mjanja, nikafunga feni ya kompyuta ili isukume moshi nje kabla haujatua. Siku tatu. Moshi ulitua kwenye feni, vumbi likanasa, mapanga yakaota ndevu, feni ikakwama.

Mwishowe nikaacha kutafuta dawa ya kusafishia, nikajiuliza kwa nini kitu kinachochafuka kiwe sehemu ya mashine. Ya kifuniko ilikuwa rahisi: kuba nimelitupa. Nimezungushia bati refu lililo wazi juu, na chini nimetoboa matundu ili hewa safi ipande ikilamba kuta kwa ndani, moshi ubaki katikati. Halishiki kitu cha maana.

Ya sahani ndiyo ninayojivunia. Kwenye karakana nilikuwa na pasi tatu za nguo zilizokufa, za zamani kabisa zile nzito. Ukifungua pasi ya namna hiyo utakuta waya wake wa moto umeviringishwa juu ya karatasi ngumu ya kung'aa. Sisi mafundi tunaiita mika, Kiswahili chake ni ulanga, na Wajerumani walikuwa wakiuchimba milima ya Uluguru. Hauungui, haupitishi umeme, na una matabaka kama chapati ya kusukuma. Wajapani katika sanaa yao ya udi, kodo, huweka kibati cha ulanga juu ya jivu lenye moto ndani yake, udi wakaulaza hapo upashwe bila kuungua. Wao wanafurahia harufu. Mimi niliyafurahia yale matabaka: shira ikigandia juu, unapenyeza ncha ya wembe pembeni, unainua taratibu, na ngozi nyembamba inabanduka pamoja na uchafu wake wote. Chini yake ulanga mpya unang'aa. Mara ya kwanza nilibandua mara nne mfululizo bila sababu yoyote, kwa raha tu.

Nimeukata uwe mpana kuliko kibati cha moto kwa kidole kizima kila upande. Shira ikikimbilia ukingoni inakuta baridi, inaganda kabla ya kudondoka.

Moto wenyewe nimeutoa kwenye pasi ya nywele. Ndani mna vigae vidogo vya kauri ambavyo vikipata moto vinajizuia vyenyewe kula umeme, basi havipandi kupita kiwango chao. Changu, nikipima juu ya ulanga, hakifiki nyuzi 200. Makaa yakiwaka vizuri yanapita 600, ndiyo maana kwenye makaa nusu ya udi wako huwa unaungua bure. Bati lote nimelifunga waya wa athi (wa ardhini), na kidhibiti joto safari hii kipo na kinafanya kazi. Gharama? Elfu saba, labda kumi ukihesabu plagi na soda.

Baadaye nikagundua kwamba hata wenye tumbaku ya kupashwa waliangukia njia hiyohiyo. IQOS ya mwaka 2014, kifaa cha umeme cha kuvutia tumbaku bila kuiunguza, ilikuwa na kibati kama kisu kinachochomekwa ndani ya tumbaku, na lazima ukisafishe. ILUMA, toleo lake la 2021, haina kisu: kichuma kimo ndani ya kijiti chenyewe, kinapashwa kwa usumaku kutoka nje, kisha kinatupwa pamoja na kijiti. Mimi sina wahandisi, nina wembe.

Mwezi wa nne huu sijaitwa kusafisha. Tatizo ni kwamba shangazi naye amegundua raha ya kubandua, anabandua kila jioni hata pasipo na uchafu, na ulanga umebaki mwembamba kama ganda la kitunguu. Tena anataka chetezo cha pili cha dada yake aliyeko Maskati. Plagi ya huko ni hii yetu ya miguu mitatu, umeme si tatizo. Natafuta pasi za zamani. Ukiwa nayo, hata iliyokufa, usiitupe.