Torino: nilifuata gari la rally, nikaishia kwenye egzosi

Treni kutoka Milan sitaisimulia, ilifika salama basi. Ila hoteli karibu na stesheni jamani! Lifti mbovu, chumba ghorofa ya nne, halafu asubuhi wananidai kodi ya jiji ambayo sikuiona popote nilipokuwa nabuku. Na kahawa ukiinywa umesimama ni bei moja, ukikaa kwenye kiti inapanda, yaani unalipia kukaa.

Kilichonipeleka Torino ni Abarth, kampuni ya Italia ya magari ya mbio na ya kuziongezea Fiat nguvu. Mzee wangu ni shabiki wa Safari Rally na tangu tukiwa wadogo anatusimulia Fiat 131 Abarth ya Markku Alén iliyomaliza ya tatu mwaka 1979, nyuma ya Datsun ya Shekhar Mehta na Mercedes ya Mikkola. Kwa hiyo nikaenda Heritage Hub, karakana ya zamani ya Fiat pale Via Plava wanapohifadhi magari yao, nikaziona zile 131 na moyo ukanienda mbio.

Lakini kilichoniteka kabisa nilikikuta nje, barabarani. Kuna mzee alikuwa amepaki Abarth 595, kale kagari kadogo ka Fiat 500 kalikoongezwa nguvu, injini iko nyuma, na mjukuu wake akawa ananitafsiria kwa Kiingereza. Nikauliza kuhusu mbio, yule mzee akaniambia niiname niangalie egzosi, lile bomba la moshi. "Hii ndiyo kampuni yenyewe," akasema.

Akaanza kunieleza akiwa amechuchumaa hapohapo. Carlo Abarth alizaliwa Vienna, Novemba 1908, nyota yake nge, ndiyo maana nembo ni nge. Cisitalia, kampuni ya magari ya mbio aliyokuwa anafanyia kazi, ilipokwama kifedha, yeye 1949 akaanzisha yake, na mwaka uliofuata Tazio Nuvolari, dereva maarufu wa mbio wa Italia, tayari mzee na mgonjwa, akashinda kwenye kundi la magari ya aina yake kule Palermo na gari la Abarth. Sawa, sifa zilikuja, lakini magari ya mashindano yanakula pesa, na kilichokuwa kinaingiza pesa ni egzosi, bati jeusi, midomo ya kromu, unaifunga kwenye Fiat yako ya kawaida na mtaa mzima unakusikia ukipita. Baadaye wakauza vifaa vya kuongeza nguvu vikiwa kwenye sanduku, injini ya cc 499 unaipeleka karibu 594, na 1963 ndipo 595 ikatoka.

Kisha akawasha. Injini ya silinda mbili tu, lakini ule mlio niliusikia kifuani, nikamwomba aikanyage tena, akaikanyaga.

Nilivyokuwa narudi mjini kwa basi nilikuwa nawaza Kirinyaga Road tu, ile barabara ya mafundi wa magari Nairobi tunayoiita Grogan. Wale mafundi wanakunja bomba kwa macho, wanachomea, inakaa kwenye gari miaka na miaka, na ukiulizwa nani katengeneza unasema "fundi fulani wa Grogan". Kazi wanaijua kabisa, inaniuma kwamba haina jina. Abarth aliuza kampuni kwa Fiat mwaka 1971 hali ya pesa ilipokuwa ngumu, lakini jina halikufa, maana ile 131 ya Safari ilikuja baadaye kabisa na ikalibeba.

Nikirudi Nairobi namtafuta fundi aliyenifungia egzosi ya Probox, agonge jina lake pale kwenye bati, hata kama atanichaji zaidi.