Mbao za tuta la bustani: nilivyoandaa orodha kabla ya kukatiwa

Nilikuwa nataka tuta la mboga lililozungushiwa mbao, urefu sentimita 240, upana 120. Upana huo nilishaujaribu chini kwa kamba: ukichuchumaa upande wowote, mkono unafika katikati bila kukanyaga udongo, na udongo usiokanyagwa ndio hasa ninaoutafuta kwenye tuta. Kwa kimo, nilitaka mbao mbili zikae moja juu ya nyingine. Msumeno wa mkono ninao, lakini vipande vinane vya mbao nene, kila kimoja kikatwe wima na kilingane na mwenzake, ni kazi ya mashine. Nikaamua nikatiwe palepale ninaponunulia.

Fundi wa mashine anakata kile ulichomwandikia. Hajui tuta litakaa wapi wala kona zake zitaungana vipi. Hayo ni yako. Ndiyo maana muda niliokaa na karatasi na penseli nauthamini kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii.

Kwanza niliulizia vipimo halisi. Ubao unaoitwa mbili kwa sita, ukisharandwa, hauna inchi mbili wala sita: unene wake ni milimita 38 hivi, na upana 140. Jina limebaki la kipimo cha ubao ulipopasuliwa, kabla ya kukauka na kupita kwenye randa. Ubao usiorandwa huwa karibu zaidi na jina lake, ila unene unaweza kutofautiana kati ya ubao na ubao, kwa hiyo huo lazima uupime wenyewe. Mimi nilichukua zilizorandwa. Maana yake tuta langu lingekuwa na kimo cha sentimita 28, na unene niliotakiwa kuuingiza kwenye hesabu zote ulikuwa 3.8.

Mbao zilizokuwepo zilikuwa za mita 3.6. Ukiangalia haraka, hesabu inapendeza: 240 na 120 ni 360, kila ubao unatoa ubavu mmoja na kichwa kimoja, mbao nne zimemaliza tuta zima. Lakini hesabu hiyo haifiki, kwa sababu msumeno nao hula. Kila unapopita, meno yake yanageuza kama milimita 3 za ubao kuwa unga. Isitoshe, ncha ya ubao mara nyingi ina ufa au haijakatwa wima, kwa hiyo inafaa ipunguzwe kidogo kabla ya kuanza kupima. Ukishatoa 240, kinachobaki hakitimii 120.

Jibu lilikuwa kwenye kona. Vichwa vya tuta vikiingia katikati ya mbavu mbili, havihitaji kuwa na sentimita 120, kwa sababu unene wa mbavu umeshachukua nafasi yake kila upande. Toa 3.8 mara mbili, unabaki na 112.4. Jumlisha na 240, unapata 352.4. Hapo kila ubao unakuachia sentimita 7 na ushee za kusafisha ncha na kulisha msumeno, na mbao nne zinatosha kweli. Nilichora kila ubao kama mstari mrefu, nikagawa vipande juu yake kwa mpangilio wa kukatwa, kirefu kwanza. Kirefu kikitangulia, kasoro yoyote ikijitokeza unakuwa bado na nafasi ya kuamua.

Kuchagua mbao nilikuchukulia kwa uzito uleule. Niliinua kila ubao, nikafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake. Uliojipinda au kujinyonga niliurudisha, maana msumeno unafupisha tu, haunyooshi. Nikatazama pia rangi. Sehemu ya nje ya mti, ile nyeupe zaidi, huoza upesi ikigusana na udongo wenye unyevu, hata kwa miti ambayo moyo wake unasifika kwa kudumu. Na ubao mbichi una tabia ya kujua mapema: ukikauka hupungua upana na unene, ila urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Vipande vyako vitabaki na urefu uliokatiwa, lakini kati ya ubao wa juu na wa chini unaweza kufunguka mwanya.

Kuhusu mbao zilizotiwa dawa nilikuwa mkali. Zipo za zamani zenye dawa iliyochanganywa na aseniki. Marekani watengenezaji waliacha kuiuza kwa matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, lakini mbao zenyewe zinadumu miaka mingi, kwa hiyo bado zinaweza kukufikia kama mitumba. Ubao wa zamani usiojulikana ulikotoka, mimi siukaribishi kwenye chakula. Ukinunua mpya wenye dawa, uliza ni dawa gani, na kumbuka kwamba mara nyingi haifiki hadi katikati. Kila unapokata unafungua mlango, na ncha hiyo inabidi ipakwe dawa upya. Unga wake usiuchanganye na mboji wala usiuchome.

Kwenye mashine nilimpa fundi karatasi, nikamuuliza, "Samahani fundi, msumeno wako unakula kiasi gani?" Hakunijibu kwa mdomo. Aliokota kipande cha taka, akakipitisha nusu tu, akazima mashine na kunipa. Nikaingiza ncha ya rula kwenye ule mfereji: milimita 3, barabara. Kisha nikamwomba asipime kila kipande kwa tepu. Afunge kizuizi sentimita 240 kutoka kwenye msumeno, azitoe mbavu zote nne, ndipo akihamishie 112.4 kwa vichwa. Alikubali mara moja, kwa sababu ni rahisi kwake pia. Kwa tuta, vipande kulingana vyenyewe kwa vyenyewe ni muhimu kuliko kugonga namba kamili. Mbavu zote zikizidi milimita moja, hakuna atakayejua. Mmoja ukizidi mwingine kwa milimita tano, kona zote zinakaa upande.

Kabla ya kubeba nilivisimamisha vipande vya aina moja pamoja, nikapitisha kiganja juu ya ncha zake. Kiganja kinahisi tofauti ambayo jicho linairuka.

Kuunga kulikwenda haraka. Nilitoboa tundu kwanza kwa drili, kwa kuwa skrubu karibu na ncha hupasua ubao, na nilitumia skrubu zisizoshika kutu. Nikapima ulalo kutoka kona hadi kona: sentimita 268.3 pande zote mbili, kona zimekaa mraba. Tuta la ukubwa huo linameza udongo wa takriban lita 730, na udongo ukilowa husukuma nje, hasa katikati ya ubavu mrefu. Kwa hiyo mbali na vigingi vinne vya kona niliongeza viwili, kimoja katikati ya kila ubavu, vikazama chini sentimita 15. Navyo vilikuwa kwenye orodha tangu mwanzo, vimekatwa na mashine ileile.