Kanzu Nyeupe Chini ya Mwembe

Mwaka 2012 nilikaa miezi kadhaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Tudor, Mombasa, katika nyumba ambayo ua wake unateremka mpaka kwenye mikoko. Kando ya ukuta alikuwa amepanda mishubiri, na ilipotoa maua mekundu, chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, hawakubanduka hapo. Nilikuwa nimenunua kamera ya mtumba, na jioni moja nikampiga picha chozi mweusi ti.

Usiku ule nilikipekua kitabu changu cha ndege nikaridhika kwamba nimempata chozi mweusi mkubwa, yule mwenye paji la kijani na koo la zambarau. Paji na koo havikuonekana, ila nilijiambia ni kwa sababu ya umbali. Kesho yake nikaipeleka kamera kwa Ami, Kuze, Mji wa Kale. Ami alikuwa amewatembeza wageni Tsavo na msitu wa Arabuko-Sokoke miaka mingi kabla hajastaafu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lete tuone."

Aliitazama picha kwa muda, kisha akaniuliza nilisimama wapi na jua lilikuwa upande gani. Ndege mwenyewe hakumtaja. Nikakumbuka: ilikuwa saa kumi na moja, nimeelekea magharibi, jua liko nyuma ya maua.

"Basi weusi huu usiuamini," akasema. "Tazama mdomo. Ni mfupi, haukupinda sana. Yule unayemdhania wewe mdomo wake mrefu, na mwili wake mkubwa kuliko huu."

Akanihadithia alivyokuwa akisimama Sokoke chini ya miti ya mirihi kumtafutia mgeni chozi wa Amani, ndege mdogo anayependa kukaa juu kabisa kwenye vilele. Ukimtazama kutoka chini na mbingu nyeupe nyuma yake, kijani chake chote hukioni. Ni mgongo mweusi na tumbo jeupe, basi.

Asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, Ami alibisha hodi kwa shangazi akiwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Aliniambia niiweke kamera kwenye alama ya jua na niiache hapo hapo, isizisahihishe rangi yenyewe. Kisha akaenda kusimama mbele ya mishubiri.

"Nipige mimi kwanza."

Jua lilikuwa ndio kwanza linapanda. Kwenye picha kanzu ilitoka na rangi ya samli. Akasogea chini ya mwembe, nikapiga: kanzu ina ukijani, kwa sababu mwanga ulikuwa umepita kwenye majani kabla ya kumfikia. Akazunguka upande wa pili wa ukuta, kwenye kivuli kisicho na mti juu yake, nikapiga tena: kanzu ya buluu, kwani pale kilichokuwa kikimwangazia ni mbingu peke yake. Jua lilipopanda kidogo akarudi uwanjani, na hapo ndipo kanzu ikawa nyeupe.

Nilizitazama zile picha nne nikahisi nimedanganywa na macho yangu mwenyewe. Muda wote ule mimi nilikuwa nikiiona kanzu moja, nyeupe. Ubongo ulikuwa ukiisahihisha bila kuniambia, na kamera haikuwa na huruma hiyo. Nikawafikiria yangeyange niliowapiga wiki iliyopita pale mikokoni, ambao nilidhani manyoya yao yana buluu.

Chozi alikuja karibu saa moja na nusu. Safari hii Ami alinisimamisha jua likiwa mgongoni kwangu. Ndege alitua ubavu, mweusi kama wa juzi. Akageuza kichwa, na kichwa kikawaka kijani kibichi. Akajinyoosha kulifikia ua la juu, na kifuani pakatokea ukanda mwembamba wa zambarau, ukakaa labda sekunde moja, ukazimika. Nilipiga picha 41. Ukizitandaza, mtu angeapa kuna ndege watano.

Ami alinieleza kwa mafuta yanayoelea majini pale kivuko cha Likoni. Maji hayana rangi ile na mafuta hayana, ila utando mwembamba unaurudisha mwanga kwa namna ambayo ukisogea hatua moja rangi nayo inageuka. Unyoya wa chozi una chembe nyeusi zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na mwanga unaorudi kutoka tabaka hizo ndio ule ukijani. Ukikaa mahali ambapo mwanga ule haukufikii, unabaki na chembe zenyewe, na chembe ni nyeusi. Kwa hiyo picha ya kwanza haikusema uongo. Mimi ndiye niliyeisoma bila kuuliza jua lilikuwa wapi.

Siku hizi naona watu wakimkoleza chozi kwenye simu mpaka anang'aa kama taa za harusi, na inaniuma. Rangi ile ilikuwa ya mahali na saa, na mtu akishaikoleza hatujui tena mahali wala saa.

Tukanywa chai barazani, Ami akizipitia picha zangu moja moja. Alisimama kwenye ile ya kwanza, ya jioni, akaikuza kwenye kioo.

"Na huyu je?"

Pembeni, nyuma ya shina la ua, palikuwa na ndege mdogo mwenye mgongo wa kijivu na kifua cha manjano iliyopauka, chenye michirizi. Jike la chozi. Nikarudi kwenye zile 41: alikuwamo katika kumi na mbili. Ageuke huku, ageuke kule, kijivu chake ni kile kile. Nilikuwa sijamwona hata mara moja.